Siku nne baharini na mtoto mdogo: fedha kidogo ziende wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tuna binti mmoja, ana miaka miwili na miezi minane. Mwaka mzima tumeweka akiba kidogo kidogo ili tumpeleke akaone bahari kwa mara ya kwanza, siku nne tu. Mume wangu anataka hoteli yenye bwawa na michezo ya watoto, lakini tukiilipa hiyo fedha zote zinaishia hapo. Mama mkwe anasema tunazitupa bure kwa sababu mtoto hatakumbuka chochote. Isitoshe, binti yetu huogopa maji, hata ya kumwagiwa kichwani. Je, twende? Na tukienda, tufanyeje ili fedha zitoshe na mtoto afurahi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nendeni. Nimelitanguliza jibu hilo kwa sababu barua yako inasomeka kama ya mtu aliyekwisha kuanza kukata tamaa, na hakuna sababu ya kufika huko. Nilikuwa mlinzi wa ufukweni kabla sijaanza kufundisha watoto wadogo kuogelea, na katika miaka yote hiyo nimeziona familia nyingi za aina yenu, za mtoto mmoja mdogo na mkoba mwembamba. Zilizofurahi hazikuwa zile zilizotumia fedha nyingi. Zilikuwa zile zilizotumia fedha kwa jambo moja sahihi.

Nianze na mama mkwe, maana ana hoja. Ukiwauliza watu wazima tukio la mwanzo kabisa wanalolikumbuka maishani, wengi watakutajia jambo la walipokuwa na miaka mitatu au mitatu na nusu hivi. Ya kabla ya hapo hufutika. Kwa hiyo ni kweli, huenda binti yako asikumbuke safari hii. Lakini hatumlishi mtoto leo ili kesho aukumbuke mlo. Atalala vizuri, atakula vizuri, ataongeza maneno mapya kumi kwa siku nne, na ninyi wazazi wake mtakumbuka. Mwambie mama mkwe kwa upole hivyo, na akipenda mwalike aje. Jozi ya tatu ya macho ufukweni ina thamani kubwa kuliko michezo yote ya hotelini. Nitaeleza kwa nini.

Sasa jambo lenyewe. Kwa mtoto wa umri huu, bahari ndiyo safari nzima. Mchanga, maji yanayokuja na kurudi, kaa mdogo anayekimbia kando kando: hivyo vinamtosha, tena vinamzidi. Kitu kimoja tu ndicho ninachokuomba ulipie bila kusita, nacho ni ukaribu. Muweze kutoka mlangoni na kufika mchangani kwa miguu, ndani ya dakika tano, huku mmoja wenu amembeba mtoto anayelia usingizi.

Mtoto wa miaka miwili na nusu huweza kukaa ufukweni kwa raha saa moja, saa moja na nusu hivi. Baada ya hapo ana njaa, ana baridi, ana usingizi, ama vyote vitatu kwa mpigo. Mkiwa karibu, mnarudi, anaoga, anakula, analala, na jioni mnatoka tena akiwa mtoto mpya. Mkiwa mbali, mnaanza kuhesabu nauli mliyokwisha kulipa, mnajiambia "tukae kidogo tu, tumekuja mbali", na hapo ndipo siku inapoharibika: mnakodi kiti cha kivuli, mnanunua chakula cha bei ya ufukweni, mtoto analala juani, kila mtu anarudi amenuna. Nimeuona mtiririko huo mara nyingi mno. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na bahari huishia kuwa ghali.

Lakini ukaribu si lazima uwe wa kuiona bahari dirishani. Nyumba inayotazama maji hutozwa bei ya kule kutazama. Ya mstari wa pili au wa tatu nyuma yake, ambayo unasikia mawimbi usiku lakini huyaoni, mara nyingi hupungua bei sana, na binti yako hatajua tofauti. Tafuteni chumba chenye jiko, hata dogo, na friji. Na kabla hamjalipa, mpigieni simu mwenye nyumba mumuulize maswali ambayo picha hazijibu: ni dakika ngapi kwa miguu ukiwa na mtoto mkononi, na njiani kuna barabara ya magari au ngazi? Kivuli kipo ufukweni, au ni mchanga mtupu? Maji yakipwa, yaani yakirudi baharini, yanaenda mbali kiasi gani, na chini yake ni mchanga, matope au mawe? Mwenye nyumba mwaminifu hujibu la mwisho bila kufikiri, kwa sababu analiona kila siku.

Tarehe nazo zinahusu mfuko. Binti yenu hajaanza shule, na hilo ni punguzo la bei mlilo nalo kwa miaka michache tu. Epukeni likizo za shule na sikukuu. Ondokeni siku ya kazi na kurudi siku ya kazi, mkiweza, kwa sababu malazi mengi hupandisha bei kwa mwisho wa wiki. Ulizeni pia bei ya wiki nzima. Zipo nyumba ambazo siku saba hazizidi sana siku nne. Kama mtasafiri kwa ndege, kumbukeni kwamba mtoto akishatimiza miaka miwili hukatiwa kiti chake. Nauli ile ndogo ya kupakatwa haipo tena kwenu, basi isiwadanganye kwenye hesabu.

Kabla hamjazifunga tarehe, tazameni jedwali la maji kupwa na kujaa la mahali mnapokwenda. Linapatikana bure kwenye intaneti. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hakuna jambo linaloongeza furaha ya mtoto mdogo bila gharama yoyote kama hili, na wazazi wengi wanaokwenda ufukweni hawalijui.

Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine hupita saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano hivi. Maana yake kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kama leo maji yamepwa kabisa saa tatu asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa nne, na baada ya wiki moja yatapwa alasiri karibu na saa tisa, ilhali ile saa tatu ya asubuhi itakuwa wakati wa maji kujaa. Ufuko ni uleule, nyumba ni ileile, bei ni ileile, lakini wiki moja mtoto anaamkia vidimbwi vya maji ya uvuguvugu yanayomfika kwenye vifundo, na wiki nyingine anaamkia mawimbi yanayopiga karibu na nyasi. Chagueni siku ambazo maji yanapwa asubuhi, saa mbili hadi saa nne, jua likiwa bado pole. Hiyo ni kwa fukwe tambarare. Ufuko wenye mteremko mkali hauna tofauti kubwa, na ule ambao maji yakipwa hufichua mawe makali unafaa zaidi maji yakiwa nusu. Zipo pia bahari, kama Mediterania, ambazo kupwa na kujaa kwake ni kudogo mno hata mtu hakuoni. Huko msijisumbue na jedwali.

Mwezi nao muutazame. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huja bamvua: maji hurudi mbali sana, kisha huja juu sana, na mikondo huwa na nguvu. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayapandi mno. Wapenzi wa kutembea juu ya miamba husubiri bamvua. Kwa mtoto wa miaka miwili mimi nachagua maji mafu, au siku za katikati.

Na kuna kanuni moja ya mabaharia ambayo kila mzazi angefaa kuijua. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kina chote kitakachopanda mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu moja tu, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Yaani nusu ya maji yote huingia ndani ya saa mbili za katikati. Mtu anayatazama maji saa ya kwanza, anaona hayasogei, anajiamini, anaenda mbali na mtoto kuokota makombe. Akigeuka, njia aliyopita imekuwa mfereji. Basi mkienda mbali kwenye vidimbwi, anzeni kurudi kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, au mara tu yanapoanza kugeuka.

Kuhusu chakula nitasema machache. Kifungua kinywa na mlo wa mchana viwe vya nyumbani, mlo wa jioni mmoja katika safari nzima muwe wa nje, mkalie mezani mfurahie. Nunueni vyakula vikavu, nepi, losheni ya kukinga jua na dawa za msingi kabla hamjaondoka, maana maduka ya ufukweni huuza kwa mgeni aliyesahau. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na watoto huyanywa hata ukiwakataza. Mafunda machache huleta kiu, na yakizidi, kutapika na kuharisha. Beba chupa yake mwenyewe na umpe kila baada ya muda mfupi, usisubiri aombe.

Vitu vya kuchezea msinunue hata kimoja. Fungua kabati la jikoni: kikombe cha plastiki, chujio, faneli, kijiko kikubwa, chupa tupu utakayoitoboa matundu chini. Mtoto wa umri huu anajifunza kujaza na kumwaga. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa duniani kwa sasa, na hana haja ya ndoo yenye picha. Kama baba yake anapenda kujenga, mpe siri hii: ndoo nane za mchanga mkavu kwa ndoo moja ya maji. Kinachoshika punje za mchanga ni utando mwembamba wa maji kati yake. Yakipungua unamomonyoka, yakizidi unateleza. Mjengeeni vichuguu, yeye atavivunja. Kuvunja ndiko atakakokupenda zaidi, na ni haki yake.

Shimo, hata hivyo, lisizidi magoti ya mtoto. Mchanga huporomoka bila onyo, tena ni mzito. Na mkiondoka, lifukieni, mwingine asije akatumbukia gizani.

Sasa jua. Likiwa kali kuliko saa zote ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na kipimo kisichohitaji simu ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mtoto hatakiwi kuwa nje ya mwavuli au mti. Lakini kivuli cha ufukweni si kivuli cha nyumbani. Mchanga mkavu hurudisha juu karibu asilimia 15 ya miale inayounguza, na povu la bahari karibu asilimia 25, kwa hiyo mtoto aliyekaa chini ya mwavuli bado anapigwa na jua kutoka chini na kutoka pembeni. Mvalisheni nguo ya mikono mirefu iliyofumwa kwa kushikana. Fulana nyepesi ya pamba ikilowa hupitisha miale mingi zaidi. Kofia yenye ukingo mpana pande zote. Losheni yenye SPF 30 au zaidi pakeni kabla hamjatoka nyumbani, masikioni, shingoni, juu ya miguu, kisha mrudie kila saa mbili na kila anapotoka majini. Ngozi nyeusi nayo huungua. Inachelewa tu kuonyesha. Na kabla hujamweka mtoto mchangani mchana, gusa mchanga kwa mgongo wa kiganja chako na uhesabu hadi tano. Ukishindwa wewe, nyayo zake zitashindwa.

Basi siku yenu iwe hivi: mtoke saa moja au saa mbili asubuhi, mrudi kabla ya saa nne na nusu hata kama anakataa, aoge maji baridi ya kuondoa chumvi, ale, alale. Ninyi pumzikeni pia. Mtoke tena saa kumi na nusu hadi jua lizame. Mkishika ratiba hiyo, vingi mnavyodhani mnavihitaji vinaanguka vyenyewe: viti vya kukodi, mlo wa mchana wa hotelini, hema la ufukweni. Mchanga uliomganda msimsugue na taulo, utamchubua. Mpakeni poda kavu kidogo, nao utapukutika. Nepi ya kawaida ikiingia majini hufura na kuwa nzito, kwa hiyo mvueni kabla hajaingia au mvalisheni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuogelea.

Mwanangu, naomba sehemu hii inayofuata umsomee mumeo kwa sauti.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Katika umri huo mtoto hazami kama watu wanavyodhani. Hapigi kelele, kwa sababu mdomo uko majini na pumzi haipo ya kulia. Hapungi mkono. Anatulia, uso unaelekea chini au kichwa kinarudi nyuma, na dakika moja inatosha kabisa. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha pia, hata ya kidimbwi kile cha uvuguvugu nilichokisifia hapo juu. Nilipokuwa mlinzi, niliwahi kumnyanyua mtoto aliyeangukia kifudifudi katika maji yaliyomfika mama yake chini ya magoti. Mama alikuwa hatua nne kutoka kwake, anatazama upande wa pili, anamtafutia kofia. Mtoto alipona. Hakutoa sauti hata moja.

Kwa hiyo akiwa majini au ukingoni mwa maji, mmoja wenu awe naye umbali wa mkono, umbali wa kumshika bila kupiga hatua. Mmoja, anayejulikana ni nani. Hatari kubwa niliyoiona haikuwa uzembe. Ilikuwa watu wazima wengi ambao kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Wekeni kofia ya zamu: anayeivaa ndiye mlinzi, hashiki simu, hasomi, haongei na mtu huku amempa mtoto mgongo. Baada ya dakika ishirini anaivua, anamkabidhi mwenzake mkono kwa mkono na kusema, "Sasa ni wewe." Macho huchoka, si aibu. Ndiyo maana nilisema mama mkwe ana thamani.

Nguo yake ya kuogelea iwe ya rangi kali, ya machungwa au ya waridi inayong'aa. Ya buluu na nyeupe hupotea majini, jaribu kuizamisha kwenye beseni uone. Maboya ya kujaza hewa mkononi na bata wa kuelea msivitegemee hata kidogo: huchomoka, na upepo unaovuma kutoka nchi kavu humsukuma mtoto nje haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kumfuata. Chagueni sehemu yenye walinzi kama ipo. Bendera iliyo nyekundu juu na ya manjano chini ndiyo alama ya eneo linalolindwa. Nyekundu tupu ni hatari. Na mkiona mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, pametulia kama njia nyeusi katikati ya mawimbi mawili yenye povu, msidhani ndipo pazuri kwa mtoto. Mara nyingi huo ni mkondo unaorudisha maji baharini.

Msikiapo radi, tokeni, na msirudi hadi dakika thelathini zipite bila ngurumo.

Akiguswa na konyeza, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, msimsugue kwa mchanga wala msimwoshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na mkojo hausaidii kitu, hata mkiambiwa. Suuzeni kwa maji ya bahari, toeni nyuzi kwa kibano au kwa ukingo wa kadi, kisha maji ya moto ya kuvumilika, kama nyuzijoto 40 hadi 45 za Selsiasi, kwa dakika ishirini hivi. Yapimeni kwanza kwa mkono wenu wenyewe. Siki hufaa kwa aina fulani za viumbe hawa na hudhuru kwa aina nyingine, kwa hiyo waulizeni walinzi wa hapo hapo ni wa aina gani. Akipata taabu ya kupumua, akivimba uso au akitapika mfululizo, ni hospitali moja kwa moja. Ulizeni siku ya kwanza kituo cha afya kilipo, mkiwa bado mmetulia.

Kuhusu mumeo na bwawa lake. Namwelewa. Mtu aliyejinyima mwaka mzima anataka siku nne za kutojinyima. Lakini kwenye hoteli ile mtalipia michezo ya watoto ambayo mara nyingi huanzia umri wa miaka minne, na chakula cha watu watatu huku mmoja wenu anakula nusu ndizi. Bwawa nalo linataka macho yaleyale na mkono uleule kama bahari; halina mapumziko ndani yake. Ningempa pendekezo hili: chukueni nyumba ya karibu yenye jiko, na sehemu ndogo ya fedha mliyookoa itumike kwa jambo moja analolitaka yeye, kwa saa ambazo mtoto amelala na wewe uko naye. Akavue samaki, akapande mashua, akalale usingizi. Kisha siku ya pili iwe zamu yako. Tengeni pia akiba ya dharura mnayorudi nayo ikiwa haijaguswa.

Nimeuacha woga wa binti yako mwisho, kwa sababu ndio unaonigusa zaidi.

Mtoto anayeogopa maji ya kichwani hana kasoro. Maji ya kichwani yanamziba macho, masikio na pua kwa wakati mmoja, na hakuyaamua yeye. Bahari nayo kwake ni kitu kikubwa, chenye kelele, kinachomsogelea na hakimwambii kitasimama wapi. Nimewaona akina baba, kwa nia njema kabisa, wakimbeba mtoto wa namna hii hadi maji ya kifuani ili "azoee". Hazoei. Anajifunza kwamba mikono ya baba yake nayo si ya kuaminika, na mwaka unaofuata mimi ndiye ninayeletewa nianze upya.

Siku ya kwanza msimpeleke majini kabisa. Kaeni mbali na mawimbi, mahali anapoyaona lakini hayamfikii, na mchukue maji kwa chupa mmletee kwenye chombo chake. Ayamwage yeye. Amwagie miguu yako, aone unacheka. Siku ya pili, maji yakiwa yamepwa, tafuteni kidimbwi kilichotulia, wewe ukae ndani, yeye akae nje na kikombe chake. Usimwite. Wimbi dogo likija mshikeni mikono miwili, mmoja kila upande, mnyanyueni lipite chini ya nyayo zake, mkihesabu pamoja kabla halijafika, "moja, mbili, hop!" Kule kuhesabu ndiko kunakomwondolea hofu, kwa sababu sasa anajua lini. Akisema basi, ni basi, papo hapo, hata kama lilikuwa wimbi la kwanza. Midomo ikianza kutetemeka au akijikunja, mtoeni mumfunike. Mwili mdogo hupoteza joto haraka hata kwenye maji ambayo ninyi mnayaona ya vuguvugu.

Pengine ataingia siku ya tatu. Pengine hataingia kabisa, atakaa siku zote nne kwenye mchanga mkavu akijaza kikombe na kumwaga, na jioni ya mwisho atalilia kikombe chake kisisahaulike. Mchukulieni.

Ukishapata tarehe mnazozifikiria, niandikie unitajie na pwani mnayokwenda. Nitalitazama jedwali la maji la siku hizo, nikwambie asubuhi ipi ni ya kidimbwi na ipi ni ya kulala.